Nyimbo Zilizozikwa Udongoni na Kanda Zilizosalia Garissa

Mwaka 2017 haukuwa mwema kwa watu wa Garissa. Mvua za mwisho wa mwaka uliotangulia zilikuwa haba, na ilipofika Februari mabwawa mengi yalikuwa yamekauka, na ng'ombe wamekonda hata mbavu zao zikaweza kuhesabiwa kwa mbali. Tarehe 10 ya mwezi huo Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba ukame umekuwa janga la taifa zima. Kaunti 23 kati ya 47 za Kenya zilikuwa zimepatwa. Soko la mifugo la Garissa ni mojawapo ya masoko makubwa kabisa ya ng'ombe katika nchi, lakini katika miezi ile mchungaji aliyefika pale na wanyama wake alitaka kuuza upesi kabla hawajamfia mikononi, na mnunuzi alilijua jambo hilo vizuri sana.

Katika mwaka wa namna hiyo, ni nani angepata nafasi ya kufikiri juu ya nyimbo? Walakini ni mwaka huo huo nyimbo za kale za Kisomali ziliposikiwa na watu wa nchi za mbali kuliko wakati wo wote uliotangulia. Mnamo Agosti 2017 kampuni ndogo ya santuri iitwayo Ostinato Records, ambayo Bwana Vik Sohonie aliianzisha mjini New York, ilitoa mkusanyo wa nyimbo 15 ukiitwa Sweet as Broken Dates. Aliyesaidiana naye kuuchagua ni Bwana Nicolas Sheikholeslami wa Berlin, mkusanyaji wa kanda ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akiwasikilizisha rafiki zake nyimbo za Mogadishu za kabla ya vita. Mwezi Novemba mkusanyo huo ukatajwa miongoni mwa iliyoshindania tuzo ya Grammy ya Marekani katika fungu la sahani za kihistoria. Januari 2018 tuzo yenyewe ilikwenda kwa mkusanyo mwingine, wa kazi za Leonard Bernstein. Hata hivyo, kwa waimbaji ambao wengi wao walikuwa wamesahauliwa hata katika mitaa waliyokuwa wakiishi, kutajwa tu kulikuwa si jambo dogo.

Lenye kustaajabisha zaidi ni mahali nyimbo hizo zilikotoka, maana baadhi ya kanda za mji ule zilipata kulala chini ya udongo.

KANDA CHINI YA ARDHI

Katika mji wa Hargeisa, kaskazini mwa nchi ya Wasomali, kulikuwa na kituo cha redio tangu mwaka 1943, wakati Waingereza walipokuwa wakitawala huko. Kituo hicho kilikusanya nyimbo, mashairi na michezo ya kuigiza kwa muda wa miaka zaidi ya 40, vyote vikitiwa katika kanda za sauti. Mwaka 1988 vita vikafika mjini. Wapiganaji wa Somali National Movement waliingia Hargeisa mwishoni mwa Mei, na serikali ya Jenerali Mohamed Siad Barre ikajibu kwa mizinga na ndege. Ndege hizo ziliruka kutoka uwanja wa Hargeisa wenyewe, zikaupiga mji ule ule zilikotoka. Sehemu kubwa ya mji ikawa magofu.

Watumishi wa redio na watu wengine waliopenda nyimbo waliona mapema kwamba kituo cha redio ni shabaha ya kwanza katika vita vyo vyote. Basi wakazitawanya kanda. Nyingine zilichukuliwa hata Ethiopia na Djibouti pamoja na wakimbizi. Nyingine zilizikwa ardhini, kama mtu azikavyo fedha zake asikiapo kwamba wanyang'anyi wako njiani. Vita vilipokwisha zikafukuliwa. Baadaye kanda nyingi zilikusanyika mikononi mwa Redsea Cultural Foundation, chama alichokianzisha Bwana Jama Musse Jama, nazo zikawekwa katika nyumba ya utamaduni ya Hargeisa iliyofunguliwa mwaka 2014. Idadi yake yapita 10,000.

Bwana Jama ni mtu wa kufaa kutajwa hapa kwa sababu nyingine pia. Yeye ni mwanahisabati aliyesomea Italia, naye aliandika kitabu juu ya shax, mchezo wa kete ambao wachungaji wa ngamia huucheza kwa vijiti na vijiwe chini ya mti. Mtu aliyepita Garissa au Modogashe wakati wa adhuhuri ameuona mchezo huo mara nyingi, na huenda akadhani ni upuuzi wa watu wasio na kazi. Bwana huyo aliona ndani yake hesabu. Mwenye jicho la namna hiyo hashangazi akiona hazina katika sanduku la kanda zilizojaa vumbi.

Huko Mogadishu hadithi ni ya namna nyingine. Redio ya mji ule ilianza mwaka 1951, wakati wa udhamini wa Italia, na akiba yake ya kanda haikutawanywa. Serikali ilipoanguka Januari 1991 na mji ukagawanyika baina ya majeshi ya koo, akiba hiyo ilibaki mahali pake, ikilindwa na watu wachache waliokataa kuiacha. Anayejulikana zaidi ni Bwana Abshir Hashi Ali, mtunzaji wake mkuu. Mwaka 2016 Bwana Samy Ben Redjeb, mwenye kampuni ya Analog Africa, alikwenda mpaka Mogadishu akaketi katika chumba hicho, akapekua rundo la kanda ambazo hazikuwa na maandishi yenye kueleweka, na nyimbo alizozipata zikatoka mwezi Desemba 2019 kwa jina la Mogadisco. Kabla yao wote, mwaka 2013, Mmarekani Brian Shimkovitz alikuwa ametoa tena kanda moja ya mwaka 1987 ya bendi ya Dur-Dur ya Mogadishu, ambayo wachezaji wake walikuwa wametawanyika katika nchi za mbali.

Katika mji huo huo wa Mogadishu, mwezi Aprili 2010, kundi la Hizbul Islam liliamuru vituo vyote vya redio viache kupiga muziki. Vituo vingi vilitii kwa kuhofia maisha ya watumishi wao. Lakini kipindi cha redio hakiwezi kuanza bila ishara yo yote, basi vingine vikatumia milio ya bunduki, vingine ngurumo ya motokaa, na vingine sauti za vyura.

KWA NINI KANDA MOJA NI SAWA NA KITABU KIMOJA TU DUNIANI

Msomaji wa Nyeri au Kisumu aweza kuuliza kwa nini pana taabu yote hii. Nyimbo za benga za Waluo na nyimbo za Wakikuyu za miaka ya 1960 na 1970 bado zapatikana. Mjini Nairobi, katika Soko la Kenyatta, Bwana James Rugami amekuwa kwa miaka mingi akiuza sahani za zamani, na mtu aweza kuingia kibandani mwake na kutoka na wimbo ambao baba yake aliuchezea dansi.

Jibu ni rahisi. Nairobi ilikuwa na kiwanda cha kuchapa sahani. Wimbo uliorekodiwa ulitoka katika mamia au maelfu ya nakala, zikaenda Kampala, Mwanza, na Bukavu. Hata nakala nyingi zikivunjika, moja itasalia chini ya kitanda cha mzee fulani. Kwa Wasomali haikuwa hivyo. Baada ya mapinduzi ya Oktoba 1969 muziki ukawa mali ya serikali. Wachezaji wa kundi kubwa la Waaberi walikuwa watumishi wa kulipwa mshahara, wakiimba katika jumba la taifa la michezo na katika redio. Bendi nyingine zilipiga katika mahoteli ya Mogadishu. Sahani zilizochapwa zilikuwa chache mno. Wimbo uliishi katika kanda kubwa ya redio, na kutoka hapo ukanakiliwa katika kaseti, na kaseti ikanakiliwa kutoka kaseti nyingine. Kila nakala hupunguza sauti nyembamba na kuongeza mvumo, hata nakala ya tano au ya sita mwimbaji asikika kama mtu anayeimba nyuma ya ukuta huku mvua ikinyesha.

Tena kaseti yenyewe, iliyobuniwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, ilifika kwa Wasomali katika wakati wake hasa. Lugha yao haikuwa na maandishi rasmi mpaka mwaka 1972. Watu waliozoea kuyahifadhi mashairi kichwani walipata chombo kinachohifadhi sauti bila kalamu. Barua zilisemwa katika kaseti. Mashairi ya siasa yalisafiri katika kaseti, mashairi ambayo mtu asingethubutu kuyachapa. Mshairi mmoja alijibu mwenzake, na wa tatu akawajibu wote wawili, na dereva wa lori akayabeba yote mfukoni mwa shati kuvuka mipaka.

Na habari ya lori hapa si kwa bahati. Nyimbo za kisasa za Kisomali zilianza, kwa namna fulani, garini. Katika miaka ya 1940 dereva mmoja aitwaye Abdi Sinimo, wa upande wa Borama, alitunga nyimbo fupi za mapenzi zilizoitwa belwo. Husimuliwa kwamba gari lake liliharibika njiani, na alipochoka kulihangaikia akaanza kuimba. Wazee na masheikh walizilaumu nyimbo hizo, vijana wakazipenda, na katika miaka michache zikawa ndefu zaidi, zikatiwa udi na ngoma.

Aliyeutia udi, na ambaye Wasomali humwita baba wa muziki wao, ni Abdullahi Qarshe. Wachache katika Afrika Mashariki wajua kwamba alizaliwa Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, mwaka 1924. Utotoni alitoka huko akaenda Aden, na ni huko Aden, mji uliojaa filamu za Kihindi na udi wa Kiarabu, alikopata chombo chake cha kwanza. Kisha akaingia Hargeisa na kuitumikia redio. Alifariki London mwaka 1994.

UPANDE WETU WA MPAKA

Sasa turudi kwenye ukingo wa Mto Tana. Wasomali wa Garissa, Wajir na Mandera walizisikia nyimbo hizo kama vile majirani wasikiavyo harusi iliyo upande wa pili wa ua. Redio Mogadishu ilifika mpaka huku, na baada ya uhuru wa Kenya ilileta maneno makali pamoja na nyimbo. Katika miaka ya vita vya shifta, tangu 1963 mpaka 1967, ilikuwa hata na matangazo ya Kiswahili ya kuwashambulia viongozi wa Kenya, na wazee wengi wa bara wayakumbuka mpaka leo kwa kicheko, ingawa siku zile hayakuwa ya kuchekesha. Mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967 yaliweka wazi kwamba pande mbili zitaacha kutukanana katika redio. Kwa upande wake Sauti ya Kenya ilitangaza kwa Kisomali kutoka Nairobi, na BBC ilikuwa imeanza matangazo yake ya lugha hiyo tangu Julai 1957. Mchungaji mwenye redio ya betri aliweza kuzisikia serikali tatu katika jioni moja, na akichoka na zote tatu akasubiri wimbo.

Lakini kusikia wimbo wa mwingine si sawa na kuhifadhi wimbo wako. Mkoa wa Kaskazini Mashariki ulikaa chini ya sheria ya hali ya hatari tangu kabla ya vita vya shifta kuisha mpaka mwaka 1991. Kwa miaka hiyo safari ya kutoka Garissa kwenda Nairobi, ambayo ni kilomita 370 hivi, ilikuwa na vizuizi vingi, na hakuna mwenye studio aliyeifunga mizigo yake kwenda kurekodi nyimbo za Hulugho au Balambala. Mwezi Novemba 1980 mtaa wa Bulla Karatasi mjini Garissa ulitiwa moto katika msako wa majeshi ya serikali, na watu wengi wakapoteza maisha. Wakati watu wamekufa haifai kulilia masanduku. Ila ni kweli pia kwamba nyumba ikiteketea, hakuna aandikaye orodha ya vitu vya sauti vilivyokuwamo.

Na nyimbo za huku zilikuwako, tena nyingi. Iko dhaanto, ngoma ambayo wachezaji wake huinua mabega na kukanyaga kwa mwendo wa ngamia, na ambayo yachezwa katika harusi za Garissa mpaka usiku wa manane. Uko ushairi wa wanawake uitwao buraanbur, usiohitaji chombo cho chote zaidi ya makofi na kigoma, na ambao hata wale wasiopenda udi hawaukatai. Ziko nyimbo za kazi: za kunywesha ngamia kisimani, ambapo watu wawili hupokezana ndoo na maneno, za kusuka mikeka na kamba za nyumba ya kuhama, za kumpakia ngamia mizigo, za kumbembeleza mtoto. Ziko pia nyimbo za Wamunyoyaya na Wailwana wa kando ya mto, na za Waaweer wa upande wa Ijara, ambao idadi yao ni ndogo na ambao wimbo wao ukipotea hapana jirani wa kuwaazima mwingine.

Nyimbo za kisima hasa ziko hatarini. Bomba likifika kijijini, jambo ambalo kila mtu alitaka na alistahili kulipata, mwimbaji wa kisimani hana tena sababu ya kuimba. Mtoto wake hatajifunza wimbo huo kwa kuwa hatavuta ndoo. Ukame nao hufanya kazi ile ile kwa njia nyingine. Mtu aliyepoteza ngamia wake wote na kuhamia pembeni mwa mji wa Garissa huja na nyimbo zote kichwani, lakini hana ngamia wa kumwimbia. Kwa hiyo mwaka wa ukame kama 2017, ambao mtu angesema kwamba hauhusiani na nyimbo, ndio mwaka ambao nyimbo nyingi zaidi huingia katika njia ya kusahauliwa.

Baada ya 1991 mambo yaligeuka. Wakimbizi wa Somalia walimiminika Dadaab, umbali wa kilomita 100 hivi kutoka Garissa, katika kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera; hata mwaka 2017, baada ya wengi kurudi kwao, walikuwa bado zaidi ya 200,000. Tarehe 9 Februari ya mwaka huo, siku moja tu kabla ya tangazo la ukame, Mahakama Kuu ilibatilisha amri ya serikali ya kuzifunga kambi hizo. Miongoni mwa wakimbizi walikuwamo waimbaji, wapiga udi na watunga mashairi. Kaseti ni kitu chepesi. Mtu akimbiaye aweza kuacha kitanda na asiiache kaseti ya sauti ya mama yake.

Mjini Garissa kwenyewe likatokea kundi la wanawake liitwalo Gargar, neno ambalo kwa Kisomali lina maana ya msaada. Wanawake hao waliimba nyimbo za nyumbani kwao kwa ngoma na makofi na vyombo vya kisasa, na shirika la Ketebul Music la Nairobi, linaloongozwa na Bwana Tabu Osusa, likazirekodi. Ketebul ndilo lililofuata nyayo za benga katika kitabu na sahani mwaka 2008, na ni jambo la kushukuriwa kwamba halikuishia Nyanza. Hata hivyo kundi moja si akiba ya mkoa mzima.

Msanii asiye na kampuni nyuma yake, katika lugha hii, hubeba mzigo peke yake. Vijana wa Waayaha Cusub, kundi lililoanza mwaka 2004 katika mtaa wa Eastleigh, Nairobi, waliimba dhidi ya vita na dhidi ya wale wanaowapotosha vijana, na nyimbo zao wakazigawa wenyewe. Mwaka 2007 mwanzilishi wake, Shiine Akhyaar Ali, alipigwa risasi. Akapona, akaendelea kuimba.

MWAKA WA MTUNZA KANDA

Mwenye kanda katika nchi yenye joto kama ya Garissa hana mwezi wa kupumzika. Wakati wa jilaal, tangu Januari mpaka Machi, joto ndilo adui. Kanda ni utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa unga wa chuma kwa gundi. Katika kaseti ya dakika 60 utepe huo una urefu wa mita 86 hivi. Joto hulegeza gundi na kupinda sanduku lake. Kaseti iliyoachwa mbele ya dereva, chini ya kioo cha gari, kutoka Garissa mpaka Dadaab, yaweza kuharibika katika safari hiyo moja. Mvua za gu zikinyesha, Aprili na Mei, adui ni unyevu, ambao huleta ukungu mweupe juu ya utepe. Miezi ya kiangazi cha katikati huleta vumbi na upepo. Mvua za deyr za Oktoba hurudisha unyevu, na mto ukifurika, kama ulivyofurika katika mvua za El Niño za mwaka 1997, nyumba za bondeni hupoteza kila kilichowekwa chini.

Basi mwenye kanda na afanye hivi. Aziweke zikiwa zimesimama wima, kama vitabu, katika sanduku la mbao au la karatasi ngumu, juu ya rafu ya ndani, mbali na ukuta unaopigwa na jua la magharibi, na mbali na spika ya redio, kwa sababu spika ina sumaku na sumaku hufuta sauti. Katika ukingo wa kila kaseti viko vijino viwili vya plastiki; avivunje, na hapo hakuna mtoto atakayeweza kurekodi mpira juu ya sauti ya babu yake. Kaseti ambayo haikuchezwa kwa miaka mingi isipigwe mara moja, bali izungushwe kwanza polepole kwa kalamu ya wino mpaka mwisho na kurudi. Yenye ukungu isiingizwe kabisa katika kinanda cha kanda, kwa kuwa itakichafua nacho kitazichafua zote zitakazofuata. Chenye kugusa utepe ndani ya chombo kipanguswe kwa pamba na spiriti.

Kisha zihamishiwe katika kompyuta, na hapa hapana njia ya mkato. Kanda ya saa moja huhitaji saa moja. Kwa kanda 10,000 kama za Hargeisa, mtu mmoja mwenye kinanda kimoja, akifanya kazi saa 8 kila siku na siku 300 kila mwaka, angemaliza baada ya miaka 4 na zaidi, bila kuhesabu zile zilizokatika. Mwenye kanda 40 nyumbani Garissa ana kazi ya juma moja.

NI NANI MWENYE WIMBO?

Jambo hili ndilo linalowatia watu wengi mashaka, na si bila sababu. Mzee mwenye sanduku la kanda akisikia kwamba nyimbo za Wasomali zauzwa New York na Berlin, huuliza ni nani anayelipwa. Ni swali la haki.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtunga wimbo maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Sauti iliyorekodiwa hulindwa miaka 50 baada ya mwaka iliporekodiwa. Wimbo uliotiwa katika kanda mwaka 1980 walindwa basi mpaka mwisho wa mwaka 2030. Kuwa na kanda mkononi hakumfanyi mtu kuwa mwenye wimbo. Mkusanyaji ni mtunzaji, na akitaka kuuza hana budi kumtafuta mwimbaji au warithi wake na kupatana nao kwa maandishi. Lakini sheria hiyo yadai kitu ambacho kanda nyingi hazina, nacho ni jina. Na fedha zenyewe zina njia ndefu. Mwaka 2017 huo huo Bodi ya Hakimiliki ya Kenya haikukipa leseni chama cha Music Copyright Society of Kenya, ambacho kilikuwa kikikusanya ada za wanamuziki tangu miaka ya 1980, ikakipa chama kipya, na mabishano yakaingia mahakamani. Mwanamke aliyeimba buraanbur Fafi mwaka 1985 hakuwa katika orodha ya chama cha kwanza wala cha pili.

Waimbaji wa Hargeisa na Mogadishu walipatikana kwa sababu bado walikuwako wazee waliozijua sauti zao. Watu waliketi, kanda ikapigwa, na mzee mmoja akasema: huyu ni fulani, na mwenye udi ni fulani, na maneno ni ya fulani, na ilikuwa katika mchezo fulani. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na kompyuta, wala na mgeni kutoka New York hata akiwa na nia njema namna gani. Yahitaji mtu wa umri wa miaka 60 au 70, mwenye masikio mazuri, aliyekaa mahali hapo.

Mwenye kaseti Garissa, Bura, Masalani au Liboi aweza kuianza kesho asubuhi bila chombo cho chote cha gharama. Achukue karatasi, ampigie kanda mama yake au mjomba wake, aandike jina la mwimbaji na la baba yake, jina la mtunga maneno, aliyepiga ngoma, mahali, mwaka ikiwa unajulikana, na kama haujulikani basi mwaka wa ukame au wa mafuriko ulio karibu nao. Aikunje karatasi hiyo na kuitia ndani ya sanduku la kanda yenyewe, isije ikaenda upande mmoja na sauti upande mwingine. Na akiona kwamba mjomba amenyamaza na kuinamisha kichwa katikati ya wimbo, asimharakishe. Na asimamishe kanda mpaka atakapokuwa tayari kusema.